Haki ya Mwili Juu Yetu

 

Siku zilizopita tulitoka msikitini baada ya sala ya Adhuhuri kumsindikiza marehemu mmoja katika wazee wa mtaa wetu. Makaburini hapakuwa mbali, na jeneza halikuwa zito, kwani marehemu alikuwa mtu mwembamba. Lakini tuliyoyaona njiani yalitutia haya. Wanaume wa miaka thelathini na arubaini, wenye mabega mapana, walilishika jeneza hatua kumi au kumi na tano, kisha wakageuka kutafuta wa kuwapokea, huku wakitweta na jasho likiwatiririka. Waliolichukua sehemu kubwa ya njia ni wachukuzi wawili wa bandarini na mvuvi mmoja aliyekwisha pita miaka sitini. Wala hatusemi haya kwa kuwacheka wenzetu, kwani sisi tuandikao tulikuwa miongoni mwa waliotweta.

Usiku ule tulipokutana darasani tuliulizana: kumsindikiza maiti ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye, basi mwili wa kuitekelezea haki hii tumeupeleka wapi?

Jawabu lake si la kutafutwa mbali. Wazee wetu waliteka maji visimani, walivuta makasia, na walikwenda kwa miguu sokoni na shambani. Sisi leo twatoka kitandani twakaa kitini, na kutoka kitini twahamia kibarazani. Asubuhi ni mahamri na chai ya sukari nyingi, usiku ni viazi karai, na msikiti ulio hatua mia tatu twauendea kwa tuktuk. Kisha magoti yakiuma na moyo ukienda mbio, wako miongoni mwetu wasemao kuwa ni husuda au ni jini, wakaenda kuandikiwa kombe na kufungiwa hirizi. Ndugu zetu, hirizi haimpandishi mtu ngazi. Mwenyezi Mungu amejaalia kila jambo na sababu yake, na mwenye kuiacha sababu hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Dini yetu haikughafilika na jambo hili. Mtume s.a.w. alimkataza sahaba wake Abdallah bin Amr kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, akamkumbusha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuula mwili haki yake, je, uvivu utaruhusiwa? Vile vile ametufunza kuwa muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Na alikuwa akiomba kwa Mola wake kinga ya ajizi na uvivu. Naye mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha r.a., mara ya kwanza akashindwa, na mara ya pili akashinda. Basi asemaye kuwa mazoezi ya mwili ni mambo ya Kizungu yasiyotuhusu, na arudi kuisoma sira.

Wengi hujitetea kwa kusema: “Hatuna nafasi.” Udhuru huu nao umekwisha kutiwa katika mizani. Mwaka 1996 mtaalamu wa Japani, Izumi Tabata, pamoja na wenzake, walitoa uchunguzi wa vijana waliokanyaga baiskeli isiyokwenda kwa nguvu zao zote sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, wakarudia mara 7 au 8. Kazi hiyo haipiti dakika 4, na baada ya wiki 6 pumzi zao na nguvu zao zilizidi waziwazi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuwa mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali. Na lile sharti la zamani, kwamba zoezi lisipungue dakika 10 kwa mara moja, likaondolewa. Tena mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza wasiokuwa na desturi ya mazoezi. Waliokuwa wakijikaza kiasi cha mara 3 kwa siku, dakika moja au mbili kila mara, kama vile kupanda ngazi kwa haraka, vifo miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 38 hadi 40. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kuwa sababu ni hiyo peke yake, lakini wamtosha mwenye akili kuwa ni ishara.

Basi darasani tumekubaliana hivi. Kila siku, baada ya sala ya Alfajiri na nyiradi, kabla ya kushika simu, twatumia dakika nne. Twachuchumaa na kusimama. Twajisukuma kwa mikono kutoka sakafuni. Twakimbia papo hapo tukiinua magoti. Kisha twarudi mwanzo. Sekunde 20 za bidii, sekunde 10 za kupumzika, mpaka dakika nne zitimie. Asiyeweza sakafuni na auegemee ukuta, na asiyeweza kuchuchumaa na ainuke kitini na kukaa tena. Anayeanza na aanze kwa dakika moja, bila ya kujikalifisha. Mwenye maradhi ya moyo, presha au sukari, na mama mja mzito, wamwulize daktari kwanza. Na apatwaye na maumivu ya kifua au kizunguzungu na aache mara moja. Siku za Ramadhani twaliahirisha mpaka baada ya kufuturu.

Jambo hili halitaki ada, wala vyombo, wala mavazi maalumu. Mama zetu na dada zetu waweza kulifanya chumbani mwao kwa stara kamili, nao wana haja nalo kama sisi. Wala asidhani mtu kuwa sala yenyewe ndiyo mazoezi. Sala ni ibada, huswaliwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini mwenye magoti yenye nguvu husujudu kwa utulivu, naye hakihitajii kiti kabla ya wakati wake.

Lililo gumu si zile dakika nne, bali ni kesho na kesho kutwa. Uchunguzi wa London uliotolewa mwaka 2010 uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kipimo cha katikati kilikuwa siku 66. Kwa mwepesi kiasi cha siku 18, na kwa mzito yakadiriwa siku 254. Tena ikaonekana kuwa kukosa siku moja hakuharibu kitu. Hayo si mageni kwetu, kwani Mtume s.a.w. alikwisha tufunza kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya daima, ijapokuwa ni chache. Kwa hivyo tumelifunga jambo hili na Alfajiri, kwa kuwa Alfajiri haikosi kuja.

Ewe ndugu yetu, jeneza jingine litatoka mtaani kwetu, na hapana ajuaye ni la nani. Tutie nia leo, ili siku hiyo, tukiwa ni wa kuchukua, tuchukue mpaka mwisho. Na tukiwa ni wa kuchukuliwa, tuwe tumekwisha itekeleza haki ya mwili tuliokabidhiwa.

Wabillahi taufiki.