Amana Iliyomo Ndani ya Seva

Fundi anayehamishia kwenye seva mafaili ya watumishi wa ofisi moja pale Gisimenti, Remera, ana wajibu kwa nani? Mwajiri ndiye anayemlipa, lakini vilivyomo si vya mwajiri peke yake. Aya ya 58 ya Sura An-Nisaa katika Kurani inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, nami sioni kwa nini amri hiyo iishie kwenye fedha na mifugo. Hata Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 inamtaka anayeshika data binafsi azilinde zisipotee.

Wapo wanaosema kila mtumiaji ajitunzie nakala zake. Lakini mtumiaji haoni kinachotendeka. Fundi akifuta wasifu wa mtumiaji uliobaki kwenye kompyuta kabla ya kuhakikisha kwamba seva imepokea kila faili, barua za miaka hutoweka, na mwenyewe hugundua kesho yake akiwa amechelewa. Asiyejua hatari hawezi kulaumiwa kwa kutojikinga nayo. Lawama ni ya aliyeijua. Wengine wanalalamikia gharama ya diski ya akiba. Ni kweli ipo, ila anayeikwepa huwa anamtwika mwingine hasara bila kumuuliza, na hiyo ni dhuluma. Basi nakala itolewe kwanza, ifunguliwe ionekane inasomeka, akaunti moja ijaribiwe, ndipo zifuate nyingine.