Kuni Zilizoanguka ni za Nani?

Mwaka 1842 Karl Marx, kijana wa miaka 24, aliandika katika gazeti la Rheinische Zeitung kuhusu sheria ya wizi wa kuni iliyojadiliwa na baraza la jimbo la Rhine, Ujerumani. Hoja yake mojawapo naipenda mpaka leo: tawi likishakauka na kuanguka si sehemu ya mti tena, kwa hiyo anayeliokota hamwibii mwenye mti. Bibi yangu alikuwa akitoka msituni Amani, kule Usambara Mashariki, na mzigo wa kuni kichwani. Ningempinga Marx kwa lipi?

Lakini hebu fukua kidogo chini ya miti ya Amani. Juu kuna majani makavu. Chini yake majani yaleyale yameoza nusu, yamejaa jongoo na nyuzi nyeupe za kuvu. Halafu mboji nyeusi, na ndipo unaukuta udongo mwekundu. Wadudu na kuvu wanapokula mabaki hayo huacha utomvu unaogandisha chembe za udongo ziwe vidonge vidogo. Katikati ya vidonge hubaki nafasi, na humo hupita hewa, mizizi na maji. Mvua ikinyesha, majani hupokea kishindo cha matone, maji yakazama polepole. Fagia hayo majani miaka kadhaa uone: matone yanavunja vidonge, vumbi lake linaziba matundu, na maji yanateremka juu juu yakiwa mekundu.

Kumbe tawi lile lilikuwa na mrithi. Katika kesi ya Marx walikuwapo tajiri na maskini, udongo haukuitwa. Na huko huko Ujerumani wakulima walikokota majani ya msituni kwa karne nyingi wakayatandike mazizini, mpaka udongo wa misitu mingi ukachoka na miti ikadumaa.

Sasa hapa ndipo ninapokwama, maana hoja hii mlinzi wa msitu ataipokea kwa mikono miwili. Atamsimamisha nani? Si waliofyeka msitu wapande chai, wala walioingia na mashine kuvuna magogo miaka ya 1970 na 1980. Atamsimamisha mama mwenye kuni. Bibi alichukua vijiti vikavu. Majani hakuyagusa, na gogo bovu alilipita akisema halina moto. Gogo hilo nalo udongo ulilihitaji. Ila bibi hakuwa peke yake, na wajukuu tumekuwa wengi.

Mimi naishi Tanga mjini, napikia gesi. Maji ya chai yangu yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka milima hiyohiyo. Udongo naweza kuutetea hapa nilipokaa, bila kukosa hata kikombe kimoja. Anayeambiwa aache kuni chini ana mafiga, na hajapika.