Umri wa Kasha

Mteja alitaka kasha la mninga lenye misumari ya shaba, kama yale ya zamani ya Unguja. Nililichora, nikalichonga kwa wiki 6. Siku ya kulichukua akaniomba nilipake chai nzito na kulipiga kwa mnyororo, apate kuliuza kama la karne ya 19. "Fundi, wewe unauza mbao tu. Uongo ni wangu."

Neno hilo lilininyima usingizi. Kuiga umbo la mababu si wizi. Ndivyo ufundi unavyorithiwa. Lakini makovu ya kasha ni ushahidi wa safari na mikono iliyolifungua. Nikiyatia mimi, ninatoa ushahidi wa uongo.

Nilikataa. Deni la mbao bado nalilipa. Kasha limo chumbani, lina nguo za mtoto. Juzi amelikwaruza kwa kijiko.