Jina kwenye Paji la Fuvu la Sukari

Mafuvu ya sukari, yaani sanamu ndogo za fuvu la kichwa cha mtu zinazofinyangwa kwa sukari na kupambwa kwa rangi, hutengenezwa nchini Meksiko kwa ajili ya Siku ya Wafu, inayoadhimishwa tarehe 1 na 2 Novemba sambamba na sikukuu za Kanisa Katoliki za Watakatifu Wote na Marehemu Wote. Ingawa mengi hununuliwa sokoni, hasa katika mji wa Toluca unaosifika kwa kazi hiyo, yapo yanayotengenezwa nyumbani kwa njia isiyohitaji jiko: sukari hulowanishwa kwa ute wa yai na maji kidogo mpaka ishikane kama mchanga mbichi, ikashindiliwa katika kalibu, yaani chombo chenye umbo la uso, kisha ikapinduliwa na kuachwa mpaka ikauke na kuwa ngumu. Mpambaji huchukua rojo zito la sukari ya unga lililotiwa rangi, akazungushia maua kwenye matundu ya macho, akabandika vipande vya jaribosi, na mwishowe akaandika jina kwenye paji la uso.

Jina hilo ndilo kiini cha jambo lote, kwa kuwa mara nyingi si la marehemu bali la mtu aliye hai, rafiki au mtoto au mchumba, atakayekabidhiwa fuvu lake mkononi na pengine kulila. Je, ni upendo wa namna gani huu unaomwonyesha mtu kifo chake mwenyewe? Wapo wanaojibu kwa kuwataja Wameksika, yaani Waazteki wa mji wa kale wa Tenochtitlan, waliopanga hadharani mafuvu ya watu waliotolewa kafara, lakini jibu hilo halitoshi, kwani miwa ililetwa na Wahispania katika karne ya 16, na ufundi wa kufinyanga sukari ulitoka Hispania, ambako ulikuwa umerithiwa kutoka kwa Waarabu. Na hata asili yote ingejulikana, swali la maana lingebaki palepale.

Swali hilo linaangazwa na mwandishi Mrusi Lev Tolstoy, ambaye katika hadithi ya Kifo cha Ivan Ilyich iliyotoka mwaka 1886 anamwonyesha mgonjwa anayekumbuka mfano wa mantiki aliofundishwa zamani, kwamba Kayo ni mwanadamu, wanadamu hufa, basi Kayo atakufa, mfano ambao maisha yake yote aliuona kuwa kweli kwa Kayo lakini si kwake yeye. Hoja hiyo haina kasoro. Kilichokosekana ni jina la mwenye kuisoma. Fuvu la sukari humwondoa Kayo na kumweka msomaji mwenyewe mahali pake. Michoro ya Ulaya ya karne ya 17 iliyoitwa vanitas, yaani picha za kukumbusha ubatili wa dunia, nayo iliweka fuvu kando ya mshumaa au saa ya mchanga, ila fuvu hilo halikuwa na jina, na mtazamaji aliachiwa onyo alibebe peke yake. Fuvu la sukari linahitaji watu wawili, na anayeliandika ndiye anayetangulia kuliona jina la mpendwa wake mahali pa kutisha.

Hapa linazuka pingamizi zito. Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel (1889–1973), aliyefiwa na mama yake akiwa mtoto mdogo, alishikilia kwamba kumpenda mtu ni kukataa katika kina cha nafsi kuwa mtu huyo atakufa, na kwa kipimo hicho mwandishi wa jina angeonekana amekwisha kukata tamaa. Lakini Marcel hakukana kwamba mwili hufa. Alichokataa ni kumhesabu mpendwa kuwa kitu kinachoweza kupotea kabisa, na sherehe ya Meksiko inakataa jambo lilelile, kwa kuwa marehemu huwekewa madhabahu nyumbani, wakawashiwa mishumaa na kukaribishwa kwa majina yao. Mtu aliye hai anayepewa jina lake juu ya sukari katika siku hizohizo anaambiwa mambo mawili kwa pamoja, kwamba atakufa na kwamba nyumba hiyo itaendelea kumwita. Ndiyo maana mafuvu ya plastiki yanayouzwa bila jina, hata yakipakwa rangi kwa ustadi mkubwa, hayamwambii mtu lolote kati ya hayo mawili.