Ndege ya kabatini na watu waliokuwamo

Wako watu wazima, wenye kazi na jamaa, wanaonunua ndege ndogo za madini na kuzipanga katika kabati la vioo. Msiwacheke upesi. Zinki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kisha rangi za kampuni huchapwa juu yake, na hata namba ya ndege. Kwa kipimo cha moja kwa mia nne, Boeing 707 ya Sabena, yenye urefu wa meta 46 na zaidi, hupata sentimeta 12 hivi. (Sabena yenyewe ilifilisika mwaka 2001, wazee wetu wengi wa Kongo waliijua.)

Sasa iangalieni ile namba. Mkusanyaji hatafuti ndege yoyote tu, bali ndege fulani, ile moja iliyoruka kweli. Namba ni kama jina la mtu. Hapo ndipo swali linapoingia.

Tarehe 15 Februari 1961, Boeing 707 ya Sabena yenye herufi OO-SJB, ikitoka New York, ilianguka huko Berg, karibu na kiwanja cha Bruseli. Watu wote 72 waliokuwamo walikufa, pamoja na mkulima mmoja aliyekuwa shambani. Kati yao walikuwamo wachezaji 18 wa Marekani wa kuteleza juu ya barafu, waliokuwa wakienda kushindana Praha. Je, mtu aweza kuweka kabatini ndege yenye herufi hizo bila kuwakosea?

Labda mtu atasema: zinki haina kosa. Ni kweli. Tena kuzifuta herufi kungekuwa uongo. Hata sisi twatundika ukutani picha za marehemu wetu, wala hatulaumiwi. Lakini sisi twawajua. Mwenye kabati anamjua nani? Kama aliitafuta kwa sababu ilianguka, akaionyesha wageni kwa kujisifu huku akingoja bei ipande, huyo anafanya biashara ya kilio cha wengine.

Mimi ningemjaribu kwa neno dogo. Siku mtoto wake atakapoinyoshea kidole na kuuliza, «Baba, hii sasa iko wapi?», atamtajia bei? Au ataketi amsimulie habari za wale vijana, na za yule mkulima aliyekwenda shambani asubuhi ile kama siku zote?