Ulikinunua Lini?



Mwaka juzi, mwezi wa tisa, nilikwenda na vijana wa parokia kupanda Milima ya Uluguru na kulala huko usiku mmoja. Tulikuwa 14, pamoja na mzee mmoja mwenyeji aliyetuongoza njia. Mimi nilipewa kazi ya vifaa. Kimojawapo kilikuwa cha kuchimbia, maana huko juu hakuna choo, na mtu akila lazima baadaye aende haja. Samahani kama unasoma hapa huku unakula.

Nyumbani kulikuwa na jembe dogo la chuma lenye mpini mfupi. Nililinyanyua, nikaona litaniumiza mgongo. Halafu, si unajua tena, nitaonekana kama naenda shamba. Nikapita dukani nikanunua kikoleo kidogo cha plastiki, kile cha kupandia maua. Chepesi, cha bluu, kinaingia mfukoni. Nilijiona mjanja kweli.

Jioni tulipofika, udongo ulikuwa mkavu na umejaa mizizi. Mvua za vuli zilikuwa bado. Nilipiga mara tatu, shingo ya kikoleo ikakatika. Giza linaingia, watu wanasubiri. Tukakwangua kwa kijiti na sahani ya bati, tukapata shimo la kina cha vidole viwili, karibu na kijito kwa sababu mbali tuliogopa giza. Asubuhi tutafunika kwa majani, basi. Nikajiambia: Mungu anaona nimejitahidi.

Alfajiri niliamka nisali masifu ya asubuhi, nikamkuta yule mzee ameinama pale pale. Alikuwa ameshuka kuazima jembe kwenye shamba la karibu, akachimba shimo refu mbali na kijito, na sasa anahamisha uchafu wetu. Peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Frateri. Maji haya yanakwenda kwetu."

Sikujua niseme nini. Nikasema, "Mzee, kifaa kilivunjika."

Akasimama, akaegemea mpini. "Kilivunjika jana. Ulikinunua lini?"

Wapendwa, nina digrii ya falsafa, na sijawahi kupewa mtihani mgumu kama ule. Nilichukua jembe mikononi mwake nikamalizia kazi, lakini swali nimeshuka nalo mlimani na bado ninalo.

Utetezi wangu ulikuwa na nguvu kidogo. Ni kanuni ya zamani kabisa kwamba hakuna anayebanwa kufanya lisilowezekana. Saa moja usiku, bila kifaa, kwenye udongo ule, kuchimba shimo la maana kulikuwa hakuwezekani. Kwa hiyo sina kosa, au vipi?

Aristotle analijibu hili kwa mfano wa jiwe. Ukishalirusha, huwezi kulirudisha mkononi. Lakini kulirusha kulikuwa juu yako. Mtu anaweza kukosa uwezo leo kwa sababu ya alichochagua jana akiwa na uwezo wote. Saa moja usiku nilikuwa nimefungwa, ni kweli. Ila kamba niliinunua mwenyewe, tena nikaomba na chenji.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusogeza mbele. Anafundisha kwamba kuchagua kunahusu njia za kufikia lengo, na anatoa mfano wa fundi wa msumeno. Fundi anautengeneza kwa chuma ili ukate. Hautengenezi kwa kioo, ingawa kioo kinapendeza zaidi, kwa sababu uzuri huo ungezuia kazi yenyewe. Nilipousoma tena mfano huo nilicheka kwa aibu. Mimi nilinunua msumeno wa kioo. Kifaa changu kilichaguliwa kwa ajili ya mgongo wangu na macho ya watu. Udongo sikuuuliza. Na wale wanaokunywa chini ya mlima hawakunijia akilini hata kidogo.

Kumbe wao ndio walikuwa lengo. Wanaozoea kulala porini wana kipimo: shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, halafu lifukiwe vizuri. Kwenye udongo laini kikoleo kidogo cha chuma kinatosha. Kwenye udongo mgumu wenye mizizi unataka jembe dogo au sururu. Hakuna siri hapo. Ukishajua unamchimbia nani, kifaa karibu kinajichagua chenyewe. Vijito vya Uluguru vinaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Ndugu yangu wa Dar, huenda uko kwenye hadithi hii.

Biblia nayo haioni haya kuongelea jambo hili. Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-14. Waisraeli wako kambini, na kila mtu anaagizwa awe na kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake, ili afukie uchafu wake nje ya kambi. Neno la Kiebrania lililotumika pale ndilo linalotumika kwa kigingi cha hema, kama kile cha Yaeli katika Waamuzi 4. Kifaa cha kawaida tu. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, kinabebwa kabla haja haijabana. Pili, sababu inayotolewa ni kwamba Mungu anatembea katikati ya kambi. Usafi wa mahali pasipoonekana na mtu unahusu Yeye.

Sasa tusiende upande wa pili tukaanza kujitesa. Kama umechagua kwa uangalifu na kifaa kikavunjika, hiyo ni ajali, lala usingizi. Kama hukujua na hukuwa na namna ya kujua, Mungu si mkatili. Swali la mzee linamhusu aliyeweza kujua lakini hakutaka kubeba uzito.

Na sisi vijana tunalikwepa sana. "Nilizidiwa na majaribu." Sawa, lakini nani aliyekubali kwenda kwenye chumba kile saa tano usiku? "Mtihani ulikuwa mgumu." Na wiki ile ya marudio ulikuwa wapi? "Hasira zilinipanda." Ulikuwa umesali lini mara ya mwisho? Tunaungama tulichofanya tukiwa tumeshakwama, tunaacha kile tulichochagua tukiwa bado huru.

Nilipokwenda kuungama nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu uzembe wa porini. Nikiwa kwenye foleni nikayabadilisha. Dhambi yangu ilitendeka dukani, mbele ya rafu, mchana kweupe, nikiwa na hela mfukoni na sina haraka yoyote.

Leo usiku, ukichunguza dhamiri, chukua kosa moja tu unalolirudia. Usianze na pale lilipotokea. Rudi nyuma, uulize: ulikinunua lini?

Bwana, utupe moyo wa kubeba mapema kilicho kizito, kwa ajili ya wale tusiowaona. Amina.