Shufaa ya Shabiki

Mwezi Juni 2024 timu ya taifa ya Kenya iliandaa mechi mbili za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na dhidi ya Kodivaa, na zote mbili zikachezwa Lilongwe, Malawi. Viwanja vyetu havikuwa vimetimiza masharti ya Shirikisho la Soka la Afrika. Kwa Burundi tulitoka 1-1, kwa Kodivaa 0-0. Novemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Zimbabwe kutukaribisha, nao pia hawakuwa na uwanja ulioidhinishwa, kwa hiyo walitukaribisha Polokwane, Afrika Kusini. Wageni wawili wakapigana kabumbu katika nyumba ya mtu wa tatu, na mmoja wao ndiye aliyeitwa mwenyeji.

Sisi wa Isiolo tulizitazama mechi hizo katika kibanda cha mpira, tumebanana kwenye mabenchi. Kijana mmoja niliyemfundisha dini shuleni akaniuliza, "Maalim, sasa hii mechi ni ya nani?" Wenzake walitaka anyamaze watazame. Mimi naliona swali lake ni la fiqhi kabisa, na nimelichukulia hivyo tangu siku hiyo. Mechi ni mali ya nani? Na huyo anayesema ni yake, anaruhusiwa kuichukua na kuipeleka popote?

Kuhamisha mechi kwenyewe sikukatai, maana huku kwetu kumewahi kuokoa watu. Mji wa Isiolo haukuwa wa kabila moja tangu ulipoanza. Wasomali waliopigania Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza walipewa makazi hapa. Waborana wana malisho yao kando ya mto Waso. Waturkana wako Ngaremara, Wasamburu Oldonyiro, na Wameru wako mlangoni. Kiangazi kikikaza, mifugo ikakutana penye maji machache na risasi ikalia, vijana wa upande mmoja hawawezi kwenda kucheza upande wa pili. Sisi tuliosimamia michezo ya vijana tulilazimika kutafuta kiwanja cha kati, na mara nyingi kilikuwa cha shule iliyo mjini.

Kukichagua kiwanja hicho ilikuwa kazi ndefu kuliko mechi yenyewe. Ubora wa nyasi hatukuujadili, nyasi hazikuwepo. Tulijadili njia. Timu hii itapita mtaa wa nani ikija, na itapita wapi ikirudi ikiwa imeshinda? Mama anayetaka kumtazama mwanawe atafika kwa miguu? Saa ya kuanza ikawekwa saa nane, jua likiwa utosini, kwa sababu wa mbali lazima wafike kwao kabla ya magharibi. Kisha wazee wa pande zote mbili wakaja kukikagua kiwanja kwa macho yao, wakatembea kutoka lango hadi lango, na mmoja wao aliwahi kukataa, akasema lango la kaskazini liko karibu mno na njia ambayo watu wake hawaipendi. Tukahamia kwingine. Hakuna aliyemwambia anachelewesha ratiba.

Kiwanja kile cha kati kilikuwa halali machoni pangu kwa sababu kila ambaye angeweza kudhurika kwa uamuzi huo aliulizwa kabla ya uamuzi kufanywa. Umbali kutoka kwa huyu na kutoka kwa yule haukutosha kukifanya cha haki. Ungeweza kukipima kwa kamba, kikawa katikati barabara, na bado kikawa cha dhuluma.

Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu ni biashara inayozidi ligi za mataifa mengi, kuna mechi moja ninayoiheshimu kwa sababu hiyohiyo. Chuo cha Texas na chuo cha Oklahoma hukutana kila mwaka Dallas, mji ulio karibu nusu ya safari kati yao, katika uwanja wa Cotton Bowl, wakati wa maonyesho makubwa ya jimbo. Mashabiki hugawanywa katikati ya uwanja, nusu rangi ya machungwa, nusu nyekundu. Wamefanya hivyo kwa vizazi, na pande zote mbili huiona Dallas kuwa kwao. Lakini nchi hiyohiyo ndiko mkataba wa televisheni ulikozivunja ligi za vyuo. Mwaka 2022 muungano wa vyuo uitwao Big Ten ulitia saini mikataba ya miaka saba na Fox, CBS na NBC, ikaripotiwa kupita dola bilioni 7. Kufikia 2024 ligi ya pwani ya Pasifiki, yenye historia ya zaidi ya karne, ilikuwa imebakiwa na vyuo viwili tu, na Stanford na California, vilivyo karibu na Bahari ya Pasifiki, vilikuwa vimejiunga na ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki. Mwanafunzi anavuka bara zima kwenda kucheza mechi ya ligi. Ninawaza vijana wetu wa Isiolo katika basi la shule wakielekea Embu au Machakos kwa michezo ya kanda, wamelala mabegani pa wenzao, na ninaiona hiyo tayari ni safari ndefu kwa mtoto mwenye mtihani.

Afrika Mashariki mambo yana sura mbili, na lazima niwe mkweli kuhusu ile nzuri. Mwaka 2021 KMC, timu ya manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, iliichukua mechi yake ya nyumbani dhidi ya Yanga ikaipeleka Songea, na ile ya Simba ikaipeleka Tabora. Kwa timu ndogo, wiki ya Simba au Yanga ndiyo wiki ya mapato, na miji ya mbali hujaza uwanja. Mtu wa Kinondoni alinyang'anywa kitu, sawa. Lakini mtu wa Tabora alipata kuwaona kwa macho yake wachezaji aliokuwa akiwasikia redioni. Sisi wa kaskazini mwa Kenya tunajua kiu hiyo. Laiti Gor Mahia na AFC Leopards wangeleta Mashemeji Derby Isiolo, mimi ningekuwa wa kwanza langoni, wala nisingeuliza Nairobi imeumia kiasi gani. Nakiri kwamba hamu hiyo inaipinda mizani yangu, na ndiyo maana nilipeleka swali la yule kijana kwa mtu mwingine.

Nililipeleka kwa sheikh wangu wa Bula Pesa, aliyenisomesha Minhaj ya Imam Nawawi nikiwa mdogo. Nilimkumbusha mlango wa shufaa. Watu wawili wakimiliki ardhi pamoja bila kugawana, na mmoja akauza fungu lake kwa mtu wa nje, yule mshirika aliyebaki ana haki ya kulichukua fungu hilo kwa bei ileile. Sheria inamlinda asiamke asubuhi akakuta mgeni ndani ya shamba lake. Wafuasi wa Abu Hanifa wanampa haki hiyo hata jirani. Sisi wafuasi wa Shafii, na ndio wengi wa Waislamu wa pwani na wa huku kwetu, tunampa mshirika peke yake. Jirani ana heshima kubwa katika dini yetu, ila shufaa hana.

Basi swali langu likawa jembamba. Anayesimama kwenye mstari wa pembeni, mechi inapouzwa kwa televisheni na kupelekwa anakotaka mnunuzi, ni jirani wa mechi au ni mshirika?

Sheikh alicheka kwa upole. "Mwanangu, shufaa ni ya ardhi na kilichoshikamana na ardhi. Mpira unaupachika wapi?"

Nikamwambia, "Sheikh, sidai hukumu. Natafuta hikima yake, kuondoa dhara."

"Basi nithibitishie ushirika kwanza," akasema. "Anayetazama soko haliwi soko lake."

Ushahidi wangu ni wa mwaka 2020. Korona ilipozifunga nchi na ligi za Ujerumani na Uingereza zikarudi viwanja vikiwa vitupu, vituo vya televisheni viliweka sauti za mashabiki zilizorekodiwa juu ya picha. Wachezaji walikuwapo, refa alikuwapo, mabao yalifungwa, na bado muuzaji aliona bidhaa yake imepungua hata akalazimika kuijaza kwa kelele za mashabiki wa siku nyingine. Mtu ambaye sauti yake ikikosekana bidhaa inapungua ni sehemu ya bidhaa hiyo. Wanapouza haki za matangazo wanauza mguu wa mchezaji, na wanauza pia koo la yule mama wa Ngaremara anayemwita mwanawe. Yeye hakusaini popote.

Sheikh alinyamaza, kisha akauliza lile ambalo wapenzi wa mpira wangependa asiulize. Mshirika hutoa. Shufaa haichukuliwi bure, mwenye kuidai hulipa bei. Hawa wenye kudai ushirika wametoa nini? Hapo sikuwa na jibu la kuwatetea wote. Jumamosi jioni vibanda vya Isiolo vinajaa kwa Arsenal na Manchester United, na kila mmoja analipa mlangoni bila kunung'unika, ilhali kiwanjani, mwendo mfupi kutoka hapo, vijana wa mtaa wake wanacheza mbele ya mbuzi na watoto. Kiingilio kikitajwa, watu wanazunguka nyuma ya ua. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni watu wangu. Mwenye ushirika wa kweli na mechi ni yule aliyekuwa akija wakati hakukuwa na kamera, akaleta maji, akachora mistari kwa majivu, akamkanda kijana aliyeteguka. Huyo namtetea mbele ya kadhi yeyote. Aliyekaa kibandani miaka yote ni jirani, na madhehebu yetu yameshamjibu.

Bei ya televisheni mtu huyo hawezi kuilipa, najua. Nampigania aulizwe kabla ya kuuzwa, kama tulivyowauliza wale wazee lango hadi lango, na fungu la fedha lirudi kwenye kiwanja anakosimama. Tanzania, mkataba wa televisheni ya Azam na shirikisho lao la soka uliotiwa saini Mei 2021 ni wa miaka kumi na shilingi bilioni 225.6 za huko. Fedha kama hizo zinaweza kuilisha ligi nzima, nami siioni televisheni kuwa adui. Kenya tumeonja pia kuikosa: SuperSport waliondoka 2017 katikati ya ugomvi kuhusu idadi ya timu za ligi, StarTimes wakaja 2020 na mkataba wa miaka saba ambao haukufika mwisho, na Azam wakatia saini nasi mwingine wa miaka saba mwaka 2023. Viongozi wamegombana juu ya nani ana haki ya kuuza. Kama kuna mshirika mwingine anayepaswa kuulizwa, hilo sikusikia likijadiliwa.

Limebaki jambo moja ambalo sheikh aliliweka mezani akidhani litanifunga. Kwa madhehebu yetu shufaa hudaiwa papo hapo. Mshirika akijua ardhi imeuzwa akakaa kimya bila udhuru, haki yake imeanguka. "Mmekaa kimya miaka mingapi?" akaniuliza.

Lakini ni yeye aliyenisomesha kinachofuata katika mlango huohuo. Muda unaanza kuhesabiwa siku mshirika anapopata habari, na habari iwe sahihi. Akiambiwa bei ni elfu moja akaacha, kisha ikabainika ni mia tano, kuacha kwake hakuhesabiki na haki yake iko palepale. Nilimuuliza ni shabiki gani wa Isiolo, au wa Kisumu, au wa Kinondoni, aliyewahi kusomewa mkataba: nini kimeuzwa, kwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na mechi zipi zinaweza kuhamishwa na nani. Hakumjua hata mmoja. Basi, nikamwambia, saa yetu bado haijaanza kuhesabiwa, nasi tunadai.

Alisema ataufungua mlango ule tena aupitie usiku, na nirudi Ijumaa baada ya sala.